Mtoto wa kaka yangu ameniharibia mzigo stoo. Namwajibishaje bila kuvunja ukoo?

#1 Gunia_la_Mia (Busia)

Wakuu, salaam. Hii ni siku ya nne silali vizuri, ndiyo maana naleta uzi huu.

Nina stoo ya mahindi hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Wafanyakazi ni 9. Wanne ni wa ukoo, wawili ni majirani tuliokua nao kijijini, mmoja ni mtoto wa mzee wa kanisa letu. Wawili waliobaki walikuja wakitafuta kazi tu. Mchana tunakula posho (ugali) na maharage chungu kimoja. Akifiwa mmoja, stoo inafungwa sote tunaenda matanga.

Mtunza stoo ni mtoto wa kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki, kaka huyo ndiye aliyeuza ng'ombe wawili nikamaliza sekondari. Kijana yuko nami mwaka wa 6 sasa. Kazi yake kubwa ni moja: gunia lisiingie ndani kabla hajalipima unyevu.

Wiki jana nimepeleka magunia 100 kwenye kiwanda kimoja huko mbele. Wakachoma kile chuma chao chenye mfereji cha kutolea sampuli, gunia baada ya gunia. 38 yamekataliwa. Moja lilisoma unyevu wa asilimia 16.8, na kiwango cha Afrika Mashariki ni usizidi 13.5. Nimelipa Fuso kwenda, nimelipa Fuso kurudi, na sasa mahindi yako juu ya maturubali mbele ya stoo, mawingu yanajikusanya kila alasiri.

Niliporudi nilifungua droo. Mashine ya kupimia ipo kwenye mfuko wake, haina betri. Betri ziko kwenye redio ya stoo. Nikafungua daftari la mapokezi: 13.2, 13.0, 13.4, ukurasa mzima, kwa mwandiko wake.

Si mara ya kwanza. Mwezi wa 5 alimwazima rafiki yake mizani siku mbili bila kuniuliza, wateja wakaondoka. Nilinyamaza.

Nimkate mshahara? Nimfukuze? Na kwa nini wale wawili wasio ndugu hawajawahi kunifanyia hivi hata siku moja?

#2 DerevaMalaba

Pole kaka. Cheka na nyani, uvune mabua. Mtoe huyo.

#3 MamaWaili (Arua)

DerevaMalaba, kutoa ni rahisi kuandika. Mimi nilimtoa mdogo wangu wa kuzaliwa.

Nina hoteli ya chakula hapa mjini, tuko wanawake sita. Mdogo wangu alikuwa kwenye kaunta. Kila jioni hesabu inapungua, mara elfu nane, mara kumi na mbili. Nikamfukuza mbele ya wateja, saa saba mchana, watu wamejaa. Mwaka mzima nikienda kwenye matanga ya ukoo nakaa peke yangu. Shangazi aliniletea sahani akaiweka chini, akaondoka bila kunisemesha.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hakuwa mwizi. Hesabu ilimshinda. Noti zikiwa nyingi anachanganyikiwa, chenji anatoa zaidi. Sasa ana kibanda chake cha chapati, na mtoto wake ndiye anayepokea pesa. Chapati zake ni nzuri kuliko zangu. Ningempeleka jikoni tangu mwanzo, ningekuwa na mpishi na ningekuwa na ndugu.

Kaka Gunia, kwanza jua kama kijana hataki kazi au kazi hiyo si yake.

#4 Karani_Mstaafu (Jinja)

Nimekaa ofisi ya utumishi miaka 21, mtaniwia radhi nikirefusha.

Mwenye uzi, usimtoe kwa hasira. Sheria ya Ajira ya 2006 inataka umweleze kosa kwa lugha anayoielewa, umpe muda wa kujiandaa, kisha umsikilize yeye pamoja na mtu mmoja anayemtaka mwenyewe akae naye. Ukiruka hapo, hata kama kosa ni la kweli kabisa, unaweza kuamriwa umlipe mshahara wa wiki nne kwa kutomsikiliza tu. Mengine yatakuja juu yake.

Habari ya mizani ya mwezi wa 5 iache. Mwajiri akishajua kosa, ana siku 15 za kuchukua hatua. Zikipita bila sababu nzito, sheria inahesabu umesamehe. Ulinyamaza mwenyewe, basi limekwisha.

Makato ya mshahara usiyaguse kiholela. Yanayoruhusiwa yametajwa kwenye sheria, na hasira ya bosi haimo.

Ukiamua kuachana naye kwa taarifa ya kawaida, usimpe mwezi mmoja kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1 hadi 5 ni mwezi mmoja. Miaka 5 hadi 10 ni miezi miwili. Kuanzia 10 ni mitatu. Wa kwako yuko kwenye miwili.

Na sasa nikuulize wewe: una karatasi yoyote inayoonyesha kazi yake ni nini? Ulitakiwa kumpa maandishi ndani ya wiki 12 tangu aanze.

#5 DerevaMalaba

Mzee Karani, hao ni ndugu. Sheria haiingii biashara ya familia.

#6 Karani_Mstaafu

Inaingia. Kinachoachwa nje ni biashara ambayo wafanyakazi wote ni ndugu wanaomtegemea mwenye mali, na hawazidi watano. Huyu ana watu 9, na wawili hata ukoo wake hawaujui.

#7 DerevaMalaba

Nimekubali mzee. Hilo sikulijua.

#8 Mpwa_wa_Mtu (Mbale)

Nimesoma nikaona niseme, maana humu wote mnaongea kama wenye mali. Mimi nilikuwa huyo kijana.

Nilifanya kazi kwa mjomba wangu miaka 4, duka la saruji na mabati. Saa kumi na mbili asubuhi nimefungua, saa mbili usiku ndio nafunga. Mshahara haukutajwa hata siku moja. Ukiuliza unaambiwa "tunakuwekea". Aliahidi karo ya chuo. Mwaka wa kwanza mke wake akajifungua kwa upasuaji, wa pili akanunua kiwanja, wa tatu sikuuliza tena. Mama aliniambia usimsumbue mjomba, ametusaidia sana.

Mwaka wa 3 nilianza kuchukua. Elfu tano, siku nyingine elfu kumi. Nilikuwa naandika mahali, kwenye ganda la daftari langu, kana kwamba najilipa. Najua ni wizi, nimekwisha mwambia mjomba na nimemwomba msamaha. Lakini hakuna siku aliyokaa nami chini akaniambia kazi yako ni hii, malipo yako ni haya, ukikosea itakuwa hivi. Nilichojua ni kwamba mimi ni wa nyumbani. Sasa wa nyumbani anawajibishwa kwa kipimo gani?

Ndugu Gunia, unamlipa kiasi gani na kwa wakati? Na betri za ile mashine zilipoisha, ni nani alitakiwa kununua nyingine?

#9 MamaWaili

Mwanangu, pole. Umesema jambo zito.

#10 Gunia_la_Mia

Mpwa_wa_Mtu, nimekaa na swali lako tangu jana jioni.

Mshahara wake ni 350,000 kwa mwezi, na chumba nyuma ya stoo. Miezi mitatu hii nimemlipa nusu mara mbili, pesa imelala kwenye mzigo. Wengine nao nimewalipa nusu. Wale wawili niliwalipa kamili, kwa sababu wangeondoka.

Habari ya betri, nilimwita jana. Sikumfokea. Nikamwuliza tu. Amesema ziliisha mwishoni mwa mwezi wa 6, akaniomba pesa, nikamwambia ngoja mzigo utoke. Nimekumbuka. Kweli nilisema hivyo, nilikuwa kwenye simu na mnunuzi. Zile za redio walichanga wenyewe.

Lakini ndugu zangu, zile namba kwenye daftari ni zake. Angeandika "haikupimwa" ningemwelewa. Ameandika 13.2 kwa gunia ambalo hakuligusa. Hapo ndipo roho inapogoma.

Maandishi ya kazi sina, mzee Karani. Hata ya mmoja.

#11 Fundi_Bombo

Assalam aleikum. Umejibu kama muungwana.

Hapa gereji tuko saba, wote tumecheza mpira uwanja mmoja. Sisi dawa yetu ni ubao. Gari ikiingia inaandikwa ubaoni: namba ya gari, kazi, na jina la fundi kwa mkono wake mwenyewe. Gari ikirudi na tatizo lile lile, yule yule aliyeandika jina anaacha kazi mpya, anarudia ile, na siku hiyo hapati mgao. Hakuna maneno, hakuna kikao.

Mwanzo walinuna. Kilichowatuliza ni mwaka juzi. Nilibadilisha oili ya Premio moja, nikafunga nati ya chini kwa mkono nikisema nitaimalizia na spana, mteja akanipigia kelele nikasahau. Ikarudi kesho yake inavuja tone kwa tone, njia nzima kutoka Luweero. Jina ubaoni ni langu. Nikaingia chini ya gari mbele yao wote, nikanunua oili mpya kwa pesa yangu, mgao sikuchukua. Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana na ubao.

Ndugu yako hawezi kukubali kipimo ambacho wewe mwenyewe hakikupimi.

#12 NyaboKasese

Naona wote mnazungumzia bosi na mtu mmoja. Kwa uzoefu wangu shida iko kwa wale wengine.

Nimo kwenye kamati ya chama chetu cha akiba na mikopo, huku kwenye kahawa. Mwaka mmoja afisa mikopo alikuwa hafuatilii madeni kabisa. Tulijua sote. Mweka hazina alijua, mlinzi alijua. Hakuna aliyesema, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuitwa ndiye aliyemsema. Kijijini ukishaitwa hivyo, hata maji kisimani unachota ukiwa wa mwisho.

Kaka Gunia, watu 9 wamekaa kwenye stoo moja. Redio inaimba, mashine imelala. Wanane walikuwa wapi?

Sisi tulianza kusoma takwimu kwa sauti kila Jumatatu. Mikopo mingapi imechelewa, ni ya eneo la nani, amewatembelea wangapi. Hakuna anayemsema mwenzake, karatasi ndiyo inayosema. Wiki tatu za kwanza afisa alikuwa anatoka jasho. Ya nne alikuja na orodha yake mwenyewe kabla hatujamwuliza.

#13 Mwalimu_Tororo

NyaboKasese, hapo tutatofautiana. Kumsomea mtu makosa mbele ya wenzake, na hasa mbele ya wadogo zake, ni kumvua nguo. Nimeona shule moja mkuu akisoma majina ya walimu waliochelewa kwenye mkutano wa asubuhi. Walimu wakaanza kuwahi, kweli. Wakawa wanasaini saa moja kasoro, kisha wanakaa chini ya mwembe hadi saa tatu. Alipata saini, kazi hakuipata.

Mrekebishe mtu faraghani. Akirudia, mrekebishe tena na shahidi mmoja. Hivyo ndivyo wazee walivyofanya.

#14 NyaboKasese

Mwalimu, sisi hatusomi makosa, tunasoma hesabu za kila mtu, hata za mwenyekiti. Na faragha ina ubaya wake. Mkitoka chumbani wawili, nje tayari kuna habari kumi: amefukuzwa, amepewa pesa, amelia. Penye watu wa karibu hivi, siri ndiyo mama wa fitina.

#15 Mwalimu_Tororo

Hesabu za chama zina namba. Mwalimu unampima kwa namba gani? Basi tuseme penye namba, ubao na karatasi. Penye tabia, faragha. Lakini kijana wa Gunia ameandika namba za uongo, sasa hiyo ni namba au ni tabia?

#16 Mpwa_wa_Mtu

Ni woga. Alipoambiwa ngoja mzigo utoke, aliona hawezi kurudi kuomba tena, na hawezi kukataa magunia ya watu. Akajaza anachojua bosi anataka kukiona. Mimi nilijaza hivyo hivyo.

#17 Fundi_Bombo

Au ni uvivu. Si kila kosa la kijana lina kidonda nyuma yake, ndugu yangu Mpwa. Naheshimu ulichosema, lakini betri za redio walichanga. Wangeweza kuchanga za mashine.

#18 DerevaMalaba

Na hili si la mchezo kwa biashara ya mpakani. Mnakumbuka 2020 Kenya ilipofunga mahindi ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu? Nilikaa Malaba na mzigo, dereva mwenzangu akawa anapika ugali pembeni ya gurudumu.

#19 Karani_Mstaafu

Ilikuwa Machi 2021, na Tanzania ilifungiwa pamoja nasi. Ilifunguliwa baada ya siku chache, kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

#20 DerevaMalaba

Sawa mzee, 2021. Siku nikiwa barabarani naziona zote sawa. Lakini cheti hicho kinaanzia wapi? Kinaanzia kwenye stoo kama ya Gunia. Mahindi mabichi yakifungwa kwenye gunia yanapata joto, kuvu inaota, na sumu yake hata ukiyapika haiondoki. Kuna mtoto mahali atakunywa uji huo.

#21 MamaWaili

Kwa wasio na mashine, bibi yetu alitumia chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia mahindi kiasi cha theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Ikidondoka chini, yako sawa. Stoo yenye chumvi ya kulia posho haikosi cha kupimia.

#22 Gunia_la_Mia

Mama, chumvi naijua, lakini inakukamata ukiwa juu ya 15 tu. Soko linataka 13.5. Gunia la 14.5 litapita kwenye chupa yako na kiwandani litarudi. Ila hili la 16.8 chumvi ingelikamata. Hilo nitamwambia.

#23 NyaboKasese

Wale wanane umewauliza?

#24 Gunia_la_Mia

Nimewauliza, mmoja mmoja. Sita walijua. Mmoja wa wale wawili wasio ndugu ameniambia kitu kimenikata maini: "Bosi, sisi tutasemaje juu ya mtoto wa kaka yako?" Hapo nimeelewa kwa nini hawakosei. Wanafanya kazi kama mgeni anavyokaa kwenye nyumba ya watu, hawagusi kitu na hawasemi kitu.

Leo asubuhi nimenunua betri, na pakiti ya akiba imefungwa kwa utepe kwenye mashine. Nimeandika karatasi 9 za kazi, kila mtu na yake, mzee Karani amenisaidia kwa simu, Mungu ambariki. Na ya 10 nimejiandikia mimi: kulipa tarehe 5, kununua vifaa ndani ya siku mbili tangu niombwe. Nimezibandika zote ukutani, na yangu iko juu. Fundi_Bombo, hiyo ni ya ubao wako.

Kijana nimempa barua ya kosa: kuandika vipimo ambavyo hakuvipima. Betri sikuzitaja kama kosa lake. Kikao ni Jumamosi saa nne. Nimemwambia anaruhusiwa kuja na mtu mmoja anayemtaka.

#25 Mwalimu_Tororo

Umefanya vyema. Na ukimsikiliza, uwe bado hujaamua moyoni. Vijana wanajua.

#26 DerevaMalaba

Mimi bado nasema nusu ya mzigo wa kwanza baada ya hapo apime mtu mwingine. Moyo ni moyo, na magunia 38 ni magunia 38. Amemchagua nani aje naye?

#27 Gunia_la_Mia

Amemchagua baba yake.

Kaka amenipigia jioni hii. Hakuuliza habari za kesi. Ameuliza Jumamosi mvua ikinyesha tutakaa wapi, na kama yale mahindi ya nje yameshageuzwa upande wa pili. Nikamwambia leo tumeyageuza mara mbili. Akasema atakuja Ijumaa, alale hapa, asubuhi atusaidie kugeuza kabla ya kikao.

#28 MamaWaili

Mpikie. Na kijana naye akae mezani hapo hapo Ijumaa usiku.

#29 Karani_Mstaafu

Mpikie, lakini ya kesi msiyaguse usiku huo. Yabaki ya saa nne.